Maswali ya Wasomaji: Aya ya Historia na Ushahidi Wake

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kumfundisha mwanafunzi kuandika aya ya Historia yenye hoja inayoeleweka na ushahidi unaoitegemeza. Tumezifupisha baadhi ya barua hizo, na tumeyaacha majina ya waandishi na ya shule zao kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu mhariri, ninafundisha Historia kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya kata wilayani Newala. Nikiwapa wanafunzi swali kuhusu sababu za Vita vya Majimaji, wananiandikia hoja sita au saba, kila moja mistari miwili, na zote ni za kweli. Nikiandika pembeni "fafanua", wanarudia maneno yaleyale kwa urefu zaidi. Nifanyeje ili waandike aya badala ya orodha?

JIBU: Mwalimu mwenzetu, agizo la "fafanua" halimsaidii mwanafunzi ambaye hajui kilichokosekana. Kwa mtazamo wake ameshamaliza kusema: Wajerumani walikuwa wakatili, Waafrika walichoka, vita vikazuka. Tuitazame aya ya aina hiyo kama inavyoandikwa madarasani: "Sababu nyingine ni ukatili wa Wajerumani. Wajerumani walikuwa wakatili sana kwa Waafrika. Waliwapiga na kuwatesa. Kwa hiyo Waafrika walikasirika na wakaamua kupigana." Hakuna uongo ndani yake, lakini ukiifuta "Majimaji" juu ya ukurasa na kuandika vita vya Mkwawa au vita vya Abushiri, hakuna hata sentensi moja itakayohitaji kuguswa. Hicho ndicho kipimo ninachokushauri uanze nacho. Aya inayoweza kuhamishwa kutoka vita hadi vita bila kubadilika haina ushahidi, hata ikijaza ukurasa mzima. Waache wanafunzi wazipime aya zao wenyewe kwa njia hiyo, kila mmoja na jirani yake wa dawati, kabla wewe hujashika kalamu nyekundu.

Hatua ya pili ni kugeuza mpangilio tuliouzoea. Kwa kawaida tunampa mwanafunzi hoja, kisha tunamwambia atafute mfano wa kuitia nguvu, naye kwa kuwa hoja ameshaikariri hauoni ulazima wa mfano. Ningependa uanze na ushahidi, hoja ije baadaye. Andika ubaoni sentensi hii moja: "Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, kwa hiyo..." Kisha nyamaza, na kila mmoja aimalizie katika daftari lake. Mmoja ataandika kwamba kwa hiyo Wajerumani walikuwa wabaya, mwingine kwamba kwa hiyo watu walichukia pamba, wa tatu kwamba kwa hiyo vita vilisababishwa na kodi. Zisome zote kwa sauti bila kutaja wenyewe, na kwa kila moja liulize darasa swali hilohilo: je, kung'oa pamba kunaturuhusu kusema hivyo? Ile ya kodi itaanguka mara moja, si kwa sababu kodi haikuwapo, maana kodi ya nyumba ya rupia 3 ilikuwa ikidaiwa tangu mwaka 1898, bali kwa sababu pamba iliyong'olewa haisemi lolote kuhusu kodi. Ile ya ubaya wa Wajerumani itaonekana kuwa pana mno. Itakayobaki ni ile ya pamba, nayo itahitaji kunyooshwa: walichukia zao lenyewe, au namna walivyolazimishwa kulilima?

Hapo ndipo mwanafunzi anapohitaji taarifa nyingine, na atazitafuta kwa hamu kwa kuwa sasa ana sababu ya kuzitafuta. Mpe basi kwamba kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen iliagiza kuwapo kwa mashamba ya pamba ya pamoja, na kwamba usimamizi wake vijijini ulikuwa mikononi mwa maakida na majumbe. Baada ya vipindi viwili au vitatu vya namna hii, mwanafunzi wa kawaida, wala si yule anayeongoza darasa, anaweza kuandika aya inayokaribia hii:

"Kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilikuwa miongoni mwa sababu za mwanzo za Vita vya Majimaji katika Umatumbi. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya kikoloni iliwataka wanavijiji kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Julai 1905 watu wa Nandete walianza upinzani wao kwa kung'oa miche ya pamba katika shamba la namna hiyo. Wangeweza kuanza kwa kutoroka au kwa kumshambulia ofisa fulani, lakini walichagua kuliharibu zao lenyewe, jambo linaloonyesha kwamba walijua hasa ni mzigo upi waliokuwa wakiukataa. Hata hivyo, pamba peke yake haielezi kwa nini Wangoni wa Songea, ambako zao hilo halikuwa na uzito uleule, waliingia vitani baadaye mwaka huohuo."

Waonyeshe kwamba kazi kubwa ya aya hiyo imefanywa na sentensi ya nne. Tarehe na majina yanaweza kunakiliwa kutoka katika kitabu chochote, lakini sentensi inayosema "wangeweza kufanya hivi, wakachagua vile" haiko kitabuni, na mwanafunzi analazimika kuifikiri mwenyewe. Sentensi ya mwisho nayo isikutie wasiwasi kwamba inaidhoofisha hoja. Inaionyesha mipaka yake, na msahihishaji makini hulithamini jambo hilo. Kuhusu idadi, ningekushauri uiache ile desturi ya hoja sita hadi muhula wa pili, na kwa sasa udai aya moja tu kwa kipindi. Ninafahamu kwamba usahihishaji wetu kwa muda mrefu umekuwa wa kuhesabu hoja, na mwanafunzi amejifunza kwamba hoja saba nyembamba zinalipa kuliko tatu nene. Lakini anayeweza kuandika aya moja iliyoshiba hatashindwa kuandika sita siku ya mtihani, ilhali yule wa orodha atabaki na orodha yake.

SWALI: Mwalimu, wanafunzi wangu hapa Nachingwea hawana tatizo la ukosefu wa takwimu. Swali likiwa la mradi wa karanga wa Waingereza, wanazimwaga namba zote zilizomo kitabuni, lakini aya zao bado hazisemi kitu. Je, takwimu si ushahidi?

JIBU: Takwimu huwa ushahidi inapowekwa mbele ya kitu cha kulinganishwa nacho. Mwanafunzi akiandika kwamba mradi uligharimu zaidi ya pauni milioni 35, mimi msomaji sijui kama hizo ni nyingi au chache kwa kazi iliyokusudiwa. Akiandika kwamba katika mwaka wa kwanza, 1947, ekari 150,000 ndizo zilizolengwa kulimwa, lakini zilizopandwa karanga huko Kongwa hazikufika 10,000, namba hizo mbili zinaanza kuzungumza zikiwa pamoja, na sentensi ya maelezo inakuja karibu yenyewe: pengo kubwa kiasi hicho katika mwaka wa kwanza kabisa linaonyesha kwamba makadirio yenyewe yalikuwa mabovu, na si kwamba mvua ilikataa tu.

Kwa kuwa mko Nachingwea, mnao ushahidi ambao wenzenu wa mikoa mingine wanausoma vitabuni tu. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuja kwenu, pamoja na bandari ya maji marefu ya Mtwara, vilipangwa kwa ajili ya karanga ambazo bado hazikuwa zimeonekana. Serikali ya Uingereza iliuacha mradi mwaka 1951, na reli hiyo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo wa kutosha. Mwulize mwanafunzi: reli iliyotangulia mavuno inatuambia nini kuhusu waliopanga mradi? Wengine watasema ni haraka, wengine watasema ni kujiamini kupita kiasi, na huenda mmoja akasema kwamba bandari haikupotea bure kwa kuwa ilibaki na inatumika hadi leo. Majibu yote matatu yanakubalika iwapo kila mmoja ataonyesha anatokea wapi. Mkataze tu kuweka namba tatu katika sentensi moja. Namba moja, au mbili zinazolinganishwa, zifuatwe na sentensi isiyo na namba hata moja. Sharti hilo ni la kimitambo, nakiri, lakini linamlazimisha kusimama na kueleza.

SWALI: Ninafundisha Kilwa Masoko. Tulivuka na wanafunzi kwenda Kilwa Kisiwani, wakaona Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza. Waliporudi niliwapa maelezo ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, ambaye anausifu mji kwa uzuri lakini anasema kwamba umejengwa kwa miti. Karibu darasa zima waliandika kwamba Ibn Battuta alidanganya. Niwaelekezeje bila kuwavunja moyo?

JIBU: Usiwavunje moyo hata kidogo, kwa sababu wamefanya jambo ambalo wanafunzi wengi hawathubutu, yaani wameuona ushahidi mmoja ukipingana na mwingine. Tatizo lao ni kwamba wamekimbilia hukumu. Kati ya "alisema kweli" na "alidanganya" kuna uwezekano mwingi, na aya nzuri huandikwa katika eneo hilo la kati.

Waulize kwanza maelezo hayo yaliandikwa lini na kwa mkono wa nani. Ibn Battuta hakukaa Kilwa akiandika. Aliyasimulia mambo ya safari zake akiwa amerudi Moroko, na kitabu kikakamilika mwaka 1355 kwa kuandikwa na Ibn Juzayy, mwanazuoni ambaye hakupata kuiona pwani yetu. Kati ya kuona na kuandikwa ilipita miaka zaidi ya 20, na ndani ya muda huo msafiri alikuwa amepita miji mingine mingi. Baada ya hapo kitabu kikanakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi. Mwanafunzi akishayajua haya, neno "alidanganya" litamtoka kwa tabu, kwa kuwa ataona njia nyingine za kosa kuingia.

Waulize pia waliona nini hasa kisiwani. Kinachobaki baada ya karne nyingi ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo yalikuwa ya misikiti, majumba ya watawala na nyumba za wenye uwezo. Nyumba ya udongo, miti na makuti haiachi ukuta wa kutazamwa na mgeni. Inawezekana kabisa kwamba sehemu kubwa ya mji aliouona Ibn Battuta ilikuwa ya miti, na kwamba sisi ndio tunaopotoshwa na magofu kwa kudhani kuwa yaliyosalia ndiyo yaliyokuwapo yote. Lakini hata hivyo haiwezekani kuukubali usemi wake ulivyo, kwa sababu uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba Msikiti Mkuu ulikuwapo kabla ya ziara yake, na kwamba jumba la Husuni Kubwa ni la mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule ambaye Ibn Battuta anamsifu kwa ukarimu. Aya ya mwanafunzi inaweza basi kusimama hivi:

"Maelezo ya Ibn Battuta kwamba Kilwa ilijengwa kwa miti hayawezi kuwa kweli kwa mji wote, ingawa yanaweza kuwa kweli kwa sehemu yake kubwa. Magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ambayo wataalamu wa mambo ya kale wanayaweka kabla au karibu na mwaka 1331, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe. Hata hivyo, majengo hayo yalikuwa ya ibada na ya utawala, na nyumba za watu wa kawaida zingeweza kuwa za miti na udongo bila kuacha alama inayoonekana leo. Kwa kuwa maelezo yake yaliandikwa miaka zaidi ya 20 baadaye, inawezekana kwamba alichokumbuka ni sura ya jumla ya mji na si majengo yake makubwa."

Neno "inawezekana" katika aya hiyo limewekwa kwa makusudi. Wanafunzi wetu huliogopa wakidhani linaonyesha kwamba hawajasoma, ilhali linaonyesha kwamba wanajua ushahidi wao unaishia wapi.

Kuna mtego mwingine kisiwani humo ambao ungeustahilia kipindi kizima. Gereza ndilo jengo linalopokea macho ya mgeni anapokaribia kwa mashua, na kila mwaka wako wanafunzi wanaolitaja kama ushahidi wa utajiri wa masultani wa Kilwa. Jengo hilo, kama linavyoonekana sasa, kwa sehemu kubwa ni la enzi za Waomani, nalo limesimama juu ya mabaki ya ngome ambayo Wareno waliijenga walipouteka mji mwaka 1505. Ushahidi wa karne moja haubebi hoja ya karne nyingine, hata ukiwa mkubwa na wa kupendeza. Kwa hoja ya utajiri na biashara ya mbali, sarafu ndogo ya shaba ina nguvu zaidi: sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Zimbabwe Kuu inaunganisha Kilwa na nchi iliyokuwa nyuma ya biashara ya dhahabu ya Sofala. Lakini hapo tena mzuie mwanafunzi asipitilize. Sarafu moja inathibitisha kwamba mawasiliano yalikuwapo, na haituambii yalikuwa makubwa kiasi gani.

SWALI: Darasa langu hapa Masasi lina wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuwasahihishia, na wengi wao Kiingereza kinawakwaza kabla hata hawajafika kwenye Historia. Nitawezaje kufundisha aya za namna hii?

JIBU: Usisahihishe aya nzima. Chagua sentensi moja, ile inayoeleza kwa nini ushahidi unaiunga mkono hoja, mwanafunzi aipigie mstari mwenyewe kabla ya kukusanya madaftari, nawe usome hiyo tu. Asiyepata sentensi ya kupigia mstari ameshajisahihisha, na kazi yako kwake ni kumrudishia daftari. Kuhusu lugha, somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili chini ya mtaala mpya, limewafungulia mlango. Ujuzi wa kuunganisha hoja na ushahidi ukijengwa huko hauhitaji kujengwa upya katika somo linalofundishwa kwa Kiingereza, kinachobaki ni msamiati. Hata kwa madarasa ambayo mtaala huo haujayafikia, mwalimu anayeruhusu mjadala wa ushahidi ufanyike kwa Kiswahili, na kazi iandikwe kwa Kiingereza mwishoni, hapotezi muda.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hapa Lindi. Babu yangu ni mzaliwa wa Kilwa, na hutusimulia aliyoyasikia kwa wazee wake kuhusu njaa iliyofuata Vita vya Majimaji. Niliyaandika katika insha, mwalimu wetu akayakata na kuandika "hadithi si ushahidi". Je, nimekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kutumia simulizi hujakosea, ila huenda hukuiandika kwa namna ambayo msomaji angeweza kuipima. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, na kuhusu maji yake, dawa iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, yalivyosambazwa, yamepatikana kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, walikwenda vijijini kuwahoji wazee, wakiwamo waliokuwa hai wakati wa vita. Kama wao wangeambiwa kwamba hadithi si ushahidi, tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake.

Lakini ushahidi hupangwa madaraja kama korosho inavyopangwa ghalani, na simulizi ya babu yako inapaswa kuingia katika aya ikiwa na daraja lake wazi. Sema aliyesimulia ni nani, wa kijiji gani, uliyasikia lini, na yeye aliyapokea kwa nani. Tofautisha kile ambacho mzee wake alikiona mwenyewe na kile kilichokuwa kikisemwa na watu wote. Kisha kiweke kando ya ushahidi wa aina nyingine. Kwa njaa una bahati, kwa sababu jeshi la Kijerumani liliteketeza mashamba na maghala ya chakula kama mbinu ya kuuzima upinzani. Babu yako akisimulia kwamba watu walikula mizizi ya porini baada ya ghala kuchomwa, simulizi yake na taarifa hizo zinashikana mkono, na sentensi yako ya maelezo itasema hivyo. Zikipishana, sema zinapishana, wala usifiche upande mmoja.

Fanya hivyohivyo kwa idadi ya waliokufa. Makadirio ya upande wa Wajerumani yalikuwa 75,000, ilhali mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Ukiandika moja ya namba hizo bila kusema ni ya nani, umemnyima msomaji haki ya kujiuliza kwa nini zimetofautiana kiasi hicho. Ukiziandika zote mbili pamoja na wenyewe, umeshapata aya, kwa sababu swali la nani anahesabu vifo vya njaa kuwa vifo vya vita linahitaji sentensi tatu au nne kujibiwa. Rudi kwa mwalimu wako na aya iliyoandikwa upya. Usiende na ugomvi.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzazi, mkazi wa Mikindani. Kijana wangu wa kidato cha pili aliandika kwamba Wajerumani "waliiba" mifupa ya dinosaria ya Tendaguru. Akakatwa alama na kuandikiwa "tumia lugha ya kitaaluma". Mimi naona alisema kweli. Ninyi mnasemaje?

JIBU: Mzazi, tunaona kwamba kijana alikuwa na hoja, na kwamba mwalimu alikuwa na haki ya kuishuku, ila alama ilikatwa mahali pasipohitajika. "Waliiba" ni dai kama madai mengine. Haliharamishwi kwa kuwa ni kali. Linachotakiwa ni kubebwa na ushahidi, na katika daftari la kijana wako, tukiyachukua maelezo uliyotuandikia, hakukuwa na sentensi nyingine baada yake.

Ushahidi upo wa kutosha kumwezesha kuandika aya nzito. Mifupa hiyo ilimfikia mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, mwaka 1906, wakati Vita vya Majimaji vikiwa bado havijaisha. Msafara wa jumba la makumbusho la Berlin ulichimba Tendaguru kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck, ukiwatumia mamia ya vibarua wa sehemu hizi, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Kiunzi kikubwa kilichounganishwa kutokana na mifupa hiyo, chenye urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu, kilisimamishwa Berlin mwaka 1937 na kingali huko. Msimamizi aliyeaminiwa zaidi katika uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 aina mojawapo ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa heshima yake, miaka zaidi ya 90 baada ya kazi kumalizika.

Sasa swali la kumwuliza kijana ni hili: katika mwaka 1909, nani Tendaguru angeweza kukataa? Nchi ilikuwa imetoka vitani miaka miwili nyuma, mashamba yalikuwa yameteketezwa, na serikali iliyotoa ruhusa ya kuchimba ndiyo iliyokuwa imelishinda eneo hilo kwa bunduki na njaa. Vibarua walilipwa, na jambo hilo lazima aliandike pia, kwa sababu msomaji anayelijua atamshika kwa kuliacha. Akishayaweka yote mezani anaweza kuandika: "Mifupa ya Tendaguru ilichukuliwa chini ya utawala ambao haukuwaacha wenyeji na uwezo wa kukataa, kwa hiyo malipo ya vibarua na ruhusa ya serikali ya kikoloni havitoshi kuonyesha kwamba wenye ardhi waliridhia." Kama baada ya sentensi hiyo bado anataka kuandika "waliiba", aandike, na mwalimu atakayeikata atalazimika kujibu hoja, wala si kusahihisha lugha. Mshauri aipeleke aya hiyo mpya kwa mwalimu wake pamoja na ile ya kwanza, zikiwa katika ukurasa mmoja, na aombe isomwe kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula.